Uvimbe Tumboni mwa Mtoto: Picha Huonyesha Nini?

(Maelezo yaliyotolewa kwa wazazi, walezi na wahamasishaji wa afya ya jamii)



Ugonjwa huu mara nyingi hugunduliwa kwenye beseni. Mama anamwogesha mtoto wa miaka 3 au 4, mkono unapita ubavuni, na hapo anahisi kitu kigumu. Mtoto anacheza na kula kama kawaida. Kwa kuwa halii, watu hudhani ni minyoo au bandama, na wiki zinapita.

Saratani ya figo inayowapata watoto zaidi huitwa uvimbe wa Wilms, kwa jina la Max Wilms, daktari mpasuaji Mjerumani aliyeandika kuihusu mwaka 1899. Inatibika. Katika nchi tajiri, takriban watoto 9 kati ya 10 hupona. Katika sehemu nyingi za Afrika wanaopona ni wachache zaidi, na kuchelewa kufika hospitalini ni mojawapo ya sababu.

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi, mashine ile ile wanayoijua akina mama wajawazito. Haiumi wala haina mionzi. Je, uvimbe unatoka kwenye figo? Ni nyama ngumu au ni mfuko wa maji? Figo ya pili ni nzima? Je, saratani imeingia kwenye mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni? Jibu la swali hili la mwisho laweza kubadilisha mpango mzima wa upasuaji.

Kisha hufuata siti skani ya tumbo na kifua. Wazazi huuliza, na wana haki kuuliza wakitazama gharama: kifua kinahusikaje na figo? Saratani hii ikisafiri, hupenda kwenda kwenye mapafu. Pasipo na siti skani, eksirei ya kifua husaidia, ingawa vivimbe vidogo vyaweza kuipita.

Ikionekana kwenye mapafu au ini, hiyo ni hatua ya 4. Ikiwa figo zote mbili zina uvimbe, ni hatua ya 5. Lakini hatua ya 1, 2 na 3 hazithibitishwi kwa picha pekee. Husubiri aliyoyaona mpasuaji na majibu ya maabara baada ya figo kutolewa. Kwa hiyo mzazi akiambiwa kabla ya upasuaji kwamba hatua bado haijajulikana, hadanganywi.

Mara nyingi dawa hutangulia upasuaji: kwa kawaida wiki 4, au wiki 6 na dawa ya ziada kama saratani imesambaa. Halafu picha hupigwa upya kuona kama uvimbe umenywea. Picha hiyo ya pili si kupoteza pesa. Ndiyo humwongoza mpasuaji.

Kwa wahamasishaji: mkikuta uvimbe, msiubonyezebonyeze, na mzuieni yeyote anayetaka kumkanda mtoto tumbo. Uvimbe waweza kupasuka ndani, na ukipasuka ugonjwa huhesabiwa kuwa hatua ya 3 hata kama ulikuwa mdogo. Mpelekeni mtoto siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye ultrasaundi. Akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, hakikisheni amebeba picha zote na ripoti zake.