Kuhusu Kubadili Daraja Kuukuu
(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama, Iguguno)



Miaka kumi ya chama hiki tumezoea kuihesabu kwa magunia. Leo twaomba ruhusa tuihesabu kwa njia ipitayo magunia hayo, maana alizeti isiyofika ghalani haina bei.

Wengi wenu mwakumbuka ilivyokuwa Sibiti, mto utokao Ziwa Kitangiri na kumwaga maji yake katika Ziwa Eyasi. Kabla ya daraja, mvua zilipoujaza mto ule, Mkalama na Meatu zilikuwa kama nchi mbili. Mwenye mzigo alizunguka mbali au alingoja. Leo lipo daraja la mita 82.

Sasa twaligeukia daraja dogo la njia yetu ya ghalani. Wajumbe wengine wamesema, "Lingali limesimama, mbona mwataka jipya?" Twawajibu kwa mfano wa Wami. Daraja la kale la Wami, katika barabara ya Chalinze kwenda Segera, lilijengwa mwaka 1959, nalo lilikuwa limesimama. Lakini lilikuwa la njia moja, gari moja likipita jingine lingoje, na pande zote mbili palikuwa na miteremko mikali iliyoleta ajali. Urefu wake haukufika mita 90. Daraja jipya, lililoanza kujengwa mwaka 2018 na kupitisha magari mwaka 2022, lina zaidi ya mita 510. Na mto ni ule ule! Mafundi hawakupima maji peke yake. Walipima bonde zima, wakaliinua daraja ili miteremko ipungue. Tena walilijenga kando ya lile la kale, mita mia kadhaa, safari zisikatike.

Hilo ndilo tutakalo hapa. Kubomoa kwanza na kujenga baadaye ni kulifunga ghala wakati wa mavuno. Nao mafundi watatuuliza mambo ambayo, twakiri, ofisi yetu haikuyaandika: maji yalifika wapi, malori mangapi huvuka kwa juma, yenye uzito gani. Msimu uliopita lori la vitunguu lililala ng'ambo siku mbili (na vitunguu havina subira), hata tarehe yake tumeipata kwa kuulizana.

Kwa hiyo Halmashauri imekata shauri. Karani wa mizani ataandika kila lori. Wazee wanaozikumbuka mvua za mwaka 1997 na 1998 wataonyesha mahali maji yalipofika, papigwe alama ya rangi. Daftari zikusanywe kabla ya mwezi wa Novemba, nasi tutazipeleka kwa mhandisi wa TARURA, Nduguti. Hadi hapo malori yatapunguza mzigo, na gharama ya safari ya pili itatoka katika ushuru wa chama. Twajua jambo hili halitawapendeza wote.

Rangi na daftari ziko ofisini. Makatibu wa vyama vya msingi wazichukue leo, kabla ya chakula.