Kitochi au simu ya kupangusa? Tusiiache mada hii kijiweni

(Mada hii niliitoa kwenye mafunzo ya vijana wa kata yetu. Wengi mliomba maandishi yake, kwa hiyo nimeyaweka hapa karibu kama nilivyozungumza.)

 

Nimepewa swali ambalo mtu anaweza kulicheka: je, kitochi bado kina kazi mbele ya hizi simu za kupangusa za bei ya chini? Wengine wanaona ni stori ya kijiweni, ya nani ana simu kali. Mimi nasema ni swali la chama. Tukiitisha kikao kwenye kundi la WhatsApp peke yake, kila mwenye kiswaswadu hana taarifa, halafu kesho tunasema wanachama hawajitokezi. Na wakala wetu akiwa kituoni na simu iliyozima chaji saa tisa mchana, kura zetu zimebaki bila shahidi. Kwa hiyo tulijadili kwa utulivu.

Nianze na kitochi. Mwaka 2003 Nokia walitoa simu inaitwa Nokia 1100. Ilikuwa na tochi juu, ilivumilia vumbi, na dunia nzima ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Hadi leo ni moja ya simu zilizouzwa kuliko zote. Iliyofanya kazi hiyo ni simu ya mtu wa kawaida, wala haikuwa ya matajiri. Sisi tukachukua hiyo tochi tukaifanya jina. Leo wapo itel, wapo Tecno, Nokia wenyewe bado wapo, na kwa shilingi kati ya 25,000 na 40,000 unatoka dukani na kitochi kipya.

Nguvu yake ya kwanza ni chaji. Unakaa nacho siku mbili, tatu, zaidi kama huongei sana. Sisi wa mjini hatulioni hilo kwa sababu soketi iko ukutani. Nenda kijiji ambacho umeme haujafika, ambako mtu anapeleka simu kibandani kuchaji kwa kulipia. Huko simu ya kuchajiwa kila siku ni gharama ya kila siku.

Nguvu ya pili, hakikuombi bando. M-Pesa ilipoanza hapa kwetu mwaka 2008, ilikuja kwa ajili ya simu hizi hizi. Unabonyeza *150*00#, unatuma hela, imefika. Kwenye hilo, kitochi cha 30,000 na simu ya milioni mbili zinapanga foleni moja. Ndiyo maana mama muuza mboga anapokea malipo bila kujua "data" ni kitu gani, na biashara inakwenda.

Sasa tuseme na ubovu wake, maana hatuko hapa kukipigia debe. Kitochi hakisomi hati. Katiba ya nchi, miswada, taarifa ya CAG, vyote vipo mtandaoni, na mwenye kitochi atasubiri asimuliwe. Kamera yake, kama ipo, ni ya kutambulia rangi ya shati tu. Kijana anayetafuta ajira au anayeomba mkopo wa chuo, maombi yote ni ya mtandaoni. Kwa kitochi ataishia kulipa stationery kila hatua.

Palikuwa na jaribio la kuweka simu ya katikati. Mnaikumbuka Smart Kitochi ya Vodacom? Umbo la kitochi, ndani mfumo wa KaiOS. Mwaka 2019 WhatsApp ikaingia kwenye mfumo huo, watu wakafurahi. Baadaye WhatsApp ikajitoa, na waliokuwa wameinunua kwa sababu hiyo wakabaki na kitochi cha kawaida. Funzo ni kwamba anayetengeneza programu ndiye anayeamua simu yako itafanya nini kesho.

Hilo linanipeleka kwenye simu janja za bei rahisi. Za 150,000, za 200,000. Nyingi zina RAM ya GB 1 au 2, nafasi ya kuhifadhi ni ndogo, na video za kundi moja tu la harusi zinaijaza. Nyingine ni za mtumba, Android yake ya zamani. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Simu inawaka, kioo kizima, lakini kile ulichoinunulia hakipo. Kioo nacho kikivunjika, fundi anakutajia bei unaanza kufikiria kununua nyingine.

Halafu kuna simu za mkopo. Unalipa kidogo kidogo kila siku, ukikosa siku chache inafungwa. Dereva wa bodaboda aliyeumwa wiki moja, hana kazi na hana simu. Mkataba huo, ndugu zangu, usomwe kabla ya kusainiwa. Uliza: nikichelewa, je, naweza hata kupiga simu? Jumla nitakayolipa ni shilingi ngapi? Mara nyingi ni kubwa kuliko bei ya dukani, na hapo ndipo kausha damu inapoanzia.

Na simu janja ikishapatikana, zinakuja programu za mikopo ya dakika tano. Unaziruhusu zisome majina ya kwenye simu yako, ukichelewa wanawatumia ujumbe mjomba wako, bosi wako, hata mkwe wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mwenye kitochi alikuwa salama na hilo, kwa sababu tu hakuwa na mlango wa kuingilia.

Hapa niseme jambo la sera, maana sisi ni chama, hatuko kwenye duka la simu. Kwenye bajeti ya 2021 serikali iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ili watu wengi waingie mtandaoni. Mwaka uliofuata, 2022, msamaha ukafutwa, hoja ikiwa kwamba bei hazikushuka kwa mlaji. Sasa jiulizeni: kama mfanyabiashara hakushusha bei, kosa ni la mlaji? Dawa ilikuwa kusimamia bei. Wao wamerudisha asilimia 18 juu ya kichwa cha mnunuzi. Na Julai hiyo hiyo ya 2021 ndipo tozo ya miamala ya simu ilipoanza. Watu walipolalamika ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba. Ukitaka kuingia kwenye simu janja, kodi. Ukibaki na kitochi chako na muamala wako, tozo. Mnyonge akimbilie wapi?

Nije kwenye usalama, na hapa nitaongea kidogo kama mwanafunzi wa sheria, mnivumilie. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha yako, na mawasiliano yako yamo humo. Ibara ya 18 inakupa uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwenye karatasi tumekaa vizuri. Kwenye simu je?

Wapo wanaosema kitochi ni salama kwa sababu hakina intaneti. Si kweli moja kwa moja. SMS haijafungwa kwa siri kama ilivyo WhatsApp, na kumbukumbu za uliyempigia, saa ngapi, dakika ngapi, zinabaki kwenye kampuni ya simu. Laini nayo imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Simu janja inafunga ujumbe ukiwa njiani, lakini simu yenyewe ikichukuliwa mkononi mwako bila namba ya siri, ni kabati la nyumba nzima limefunguliwa: picha, makundi, orodha ya wanachama. Kwa hiyo kila moja ina tundu lake. Ya kitochi yako kwa kampuni, ya simu janja yako mfukoni mwako. La mfukoni unaweza kuliziba mwenyewe leo hii: weka namba ya siri, futa usichohitaji, usihifadhi orodha ya tawi kwenye picha za simu.

Sasa uchaguzi, jambo lenyewe hasa. Mwaka 2020, TCRA iliziagiza kampuni zisitishe huduma za SMS na simu za mkupuo kuanzia Oktoba 24 hadi Novemba 11. Hiyo ilikuwa njia yetu ya kuwafikia wenye vitochi kwa wingi, ikafungwa siku nne kabla ya kura. Oktoba 29, 2025, siku yenyewe ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima. Siku hiyo mwenye simu ya milioni na mwenye kitochi walikuwa sawa. Anayeweka mipango yote kwenye njia moja amemrahisishia kazi anayetaka kuifunga.

Lakini kuna kazi moja ambayo kitochi hakiiwezi: ushahidi. Matokeo ya kituo yanapobandikwa, Fomu 21A ya urais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani, tunahitaji picha inayosomeka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema ushahidi hautakataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Mahakama itaangalia unaaminika kiasi gani: ulitengenezwaje, ulitunzwaje. Mnajua kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa, Ibara ya 41(7) inafunga mlango wa mahakama. Ya ubunge mlango upo. Kwa hiyo picha ya 21B, piga, usiikate, usiichoreechoree, na simu iliyopiga isiuzwe. Ile iliyosambazwa mara mia kwenye makundi haina nguvu kama ile iliyokaa kwenye simu ya wakala mwenyewe. Na nakala ya karatasi ukiipata, ishike kama hati ya kiwanja.

Jibu langu basi ni hili. Kama una 40,000 mfukoni, nunua kitochi kipya, achana na simu janja ya mtumba inayokufa. Kama una 200,000 na unaweza kumudu bando, nunua simu janja, lakini uliza RAM isiwe chini ya GB 2, iwe ya 4G, na Android yake isiwe ya zamani. Ukiweza, baki na vyote viwili.

Na kwa chama, napendekeza mambo matatu. Kwanza, hakuna kikao halali cha tawi kilichotangazwa WhatsApp peke yake. Lazima SMS au mtu kwa mtu. Wengi wenye vitochi ni mama zetu na wazee, na ndio wanaopanga foleni ya kura alfajiri. Pili, kila tawi liwe na mnyororo wa simu: mmoja anawapigia watano, kila mmoja wa hao watano wake. Huo hauhitaji mkupuo wala bando, na majina yaandikwe kwenye daftari. Tatu, wakala aende na simu mbili: kitochi chenye chaji cha kuwasiliana, na simu janja iliyozimwa mpaka fomu itakapobandikwa. Usiku ukiwa umeingia na kituo hakina taa, mwenzake anamulika fomu kwa tochi ya kitochi, yeye anapiga picha.

Mwenyekiti, naomba hilo daftari la namba lianze na matawi yaliyopo hapa. Kila katibu aje na la kwake kikao kijacho, tulipige mbele ya wote tuone nani anapatikana.