JANGWA LINA UHAI, TUSILIONGEZE

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo)

Mwenzetu mmoja aliniuliza, "Huko jangwani kuna nini hata tuambiwe tukutunze?" Swali zuri. Leo tulijibu.

Twendeni Chalbi, katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Zamani sana Chalbi ilikuwa ziwa. Maji yakakauka, ikabaki chumvi nyeupe juu ya udongo.

Jangwa ni nini basi? Ni nchi ipatayo mvua kidogo mno, chini ya milimita 250 kwa mwaka. Si lazima iwe mchanga mtupu. Mawingu ni machache: mchana jua huchoma, na usiku joto huondoka upesi kwa kuwa hakuna cha kulizuia.

Haya, nani anaishi nchi kame hiyo? Yupo choroa. Mchana huacha mwili upate joto ili asipoteze maji kwa jasho, usiku hupoa. Yupo punda milia wa Grevy, mwenye milia myembamba. Mto ukikauka, huchimba kwa kwato mpaka apate maji. Duniani wamebaki kama 3,000 tu, na wengi wako Kenya. Yupo na ngamia. Watu husema nunduni mna maji. Sivyo! Mna mafuta. Lakini akifika kisimani akiwa na kiu, hunywa lita 100 kwa dakika chache.

Sasa sikilizeni. Jangwa hilo la asili halina ubaya. Wafugaji wa Kigabra wanalijua: malisho yakipungua hapa wanahama, na majani yanapata nafasi ya kuota. Ubaya ni jangwa la pili, tunalolitengeneza sisi. Penye kisima na maduka, watu hukaa pamoja. Migunga hukatwa kwa kuni, makaa na mazizi. Mifugo hukanyaga pale pale kila siku. Mradi wa UNESCO ulioanza Marsabit mwaka 1976 uliliona jambo hilo: ardhi ilikuwa tupu kuzunguka makazi, huku malisho ya mbali hayaliwi kwa sababu watu waliogopa kuvamiwa.

Ukame nao ukija, hukuta tumekwisha kujidhoofisha. Toka mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Mtu aliyekuwa na zizi akabaki na fimbo.

Kwetu si jangwa bado. Lakini tazameni pale kisimani petu: mti uko wapi? Basi tukate matawi, tuache shina. Malisho ya kiangazi tuyafunge mpaka wakati wake. Nanyi mnaojua kuandika, andikeni katika daftari la kijiji: malisho gani yamefungwa, toka mwezi gani, na nani anayalinda. Asiyejua kusoma asomewe.