Mtumishi Aikague Michango Yake ya Kustaafu Angali Kazini

(Maelezo ya Ofisa Habari wa Wizara katika mazungumzo na watumishi wa taasisi za Muungano waliopo Unguja)






Nimetakiwa nieleze namna mtumishi anavyoweza kuitazama hesabu ya michango yake ya kustaafu kwa njia ya mtandao, kupitia akaunti yake mwenyewe katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF. Wenzetu walioajiriwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar wana mfuko wao, ZSSF, ulioundwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 1998, nao una kanuni zake. Nasaha za kukagua michango zinawahusu wao pia, lakini viwango na hesabu nitakazozitaja hapa si zao. Naomba jambo hilo lifahamike mapema, ili mtu asitoke hapa akaenda kudai kisichokuwa chake.

Mfuko wa PSSSF ulianzishwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 2018 na ukaanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Ndani yake iliunganishwa mifuko minne iliyokuwa ikijitegemea, nayo ni PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Kwa hivyo mtumishi aliyeanza kazi kabla ya mwaka huo ana kumbukumbu zilizoandikwa kwanza kwengine, kisha zikahamishwa. Wapo pia waliohama mwajiri zaidi ya mara moja, na kila uhamisho ulikuwa na faili lake. Ndiyo maana nasema kuwa mwenye utumishi mrefu ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kukagua, ijapokuwa mara nyingi yeye ndiye anayejiona kuwa mambo yake yamekwishatengenea.

Kila mwezi mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 15. Makato hayo huonekana katika hati ya mshahara, na wengi wetu tukishayaona hapo huwa tumeridhika. Lakini hati ya mshahara ni ushahidi kuwa umekatwa tu. Ushahidi kuwa fedha zimefika Mfukoni na kuandikwa kwa jina lako upo katika akaunti yako ya uanachama. Hivyo ni vitu viwili, na haki yako ya uzeeni inategemea hicho cha pili.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe, kwani hapa ndipo penye uzito wa jambo. Tangu Julai 2022 pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuchukua idadi ya miezi uliyochangia, kuizidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka, kisha kugawa kwa 580. Wastani huo hutokana na miaka mitatu iliyo bora zaidi kimshahara ndani ya miaka kumi ya mwisho kabla ya kustaafu. Sehemu ya pensheni hiyo huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, na sehemu inayobaki hulipwa kila mwezi. Sehemu ya mkupuo ilikuwa asilimia 33. Kuanzia mwaka wa fedha 2024/25 imepandishwa hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa katika kundi la asilimia 50, na asilimia 35 kwa waliokuwa katika kundi la asilimia 25.

Tuchukue mfano wa mtumishi aliyechangia miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara wake ni shilingi milioni moja kwa mwezi, sawa na milioni 12 kwa mwaka. Akiwa katika kundi la asilimia 40, mkupuo wake ni karibu shilingi 37,241,000 na pensheni yake ya kila mwezi ni karibu shilingi 372,400. Mtumishi huyo huyo, ikiwa miezi 24 ya utumishi wake haionekani katika kumbukumbu, atahesabiwa kwa miezi 336. Mkupuo utapungua kwa karibu shilingi 2,483,000, na kila mwezi, kwa uhai wake wote, atapokea pungufu ya shilingi 24,800 hivi. Mwezi mmoja tu uliopotea humpunguzia zaidi ya laki moja katika mkupuo na zaidi ya elfu moja katika pensheni ya kila mwezi. Mtu akidhulumiwa shilingi elfu moja sokoni hugomba mpaka watu wakajaa, na hii inayorudi kila mwezi mpaka mwisho wa umri hana habari nayo.

Yupo mwengine ambaye hali yake ni nzito kuliko huyo. Sharti la kupata pensheni ya kila mwezi ni kuwa na michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Mtumishi aliyeingia kazini akiwa mtu mzima, akafanya kazi miaka 15 na kidogo, anaweza kujikuta ana miezi 178 katika kumbukumbu. Miezi hiyo miwili humtoa katika daraja ya mwenye pensheni ya maisha na kumtia katika daraja ya anayelipwa mara moja akenda zake. Kama kweli aliifanyia kazi na akakatwa, basi ni haki yake, ila itambidi aithibitishe. Na kuithibitisha akiwa bado kazini, ofisa utumishi yupo na jalada lipo, si sawa na kuithibitisha baada ya miaka mingi, ofisi imekwishahama na waliomjua wamekwishastaafu au wamefariki.

Akaunti yenyewe hufunguliwa kwa simu au kompyuta, kupitia tovuti ya Mfuko au programu yake ya simu iitwayo PSSSF Kiganjani. Mwanachama hujitambulisha, huweka neno lake la siri, na kuanzia hapo anaweza kuiona michango yake mwezi kwa mwezi, kuzitazama taarifa zake binafsi na kufuatilia madai yake. Wastaafu nao hujihakiki humo kwa kupiga picha ya uso, badala ya kwenda ofisini na bahasha ya vyeti. Kwa mzee anayekaa mbali na mji, hilo peke yake ni nafuu kubwa.

Ukishaingia, usitazame jumla iliyopo chini ukafurahi ukafunga. Jumla haioneshi mwezi uliokosekana. Teremka mwezi baada ya mwezi na uweke pembeni hati zako za mishahara. Angalia khasa vipindi vitatu: miezi ya mwanzo wa ajira, miezi ya uhamisho, na miezi ile ulipopanda cheo au kuwa masomoni. Mapengo hupenda kukaa hapo. Angalia pia kiwango, maana mchango unaweza kuwapo lakini kwa mshahara wa zamani ilhali ulikwishapandishwa.

Jambo la pili ni majina. Sisi hapa tunaandikwa kwa jina letu, la baba na la babu, na majina yenyewe yanafanana mno. Aliyeandikwa Khamis katika cheti cha kuzaliwa huwa Hamisi katika barua ya ajira, na Ali huwa Ally katika kitambulisho. Mwengine jina la babu limeachwa kabisa. Makarani hawakukusudia ubaya, lakini mtambo hauna ujirani wala haumjui mtu kwa sura ya ukoo wake. Kwake hao ni watu wawili. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni hivyo hivyo, na huyo ana taabu zaidi, kwa kuwa umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni miaka 60. Tarehe mbili zisizolingana humchelewesha mtu katika siku zile ambazo mshahara umekwishakatika na pensheni haijaanza.

Jambo la tatu ni wategemezi. Aliyeoa, aliyeolewa, aliyeachana, aliyezaa au aliyefiwa tangu alipojaza fomu yake ya mwanzo, aitengeneze orodha hiyo. Wapo waliojaza wakiwa hawana mke wala mume, na leo wana wajukuu. Mauti hayangoji fomu, na anayebaki akihangaika ni mjane na watoto.

Ukikuta pengo, usianze kwa kumlaumu mtu. Piga chapa ukurasa unaoonesha pengo, chukua nakala za hati za mishahara ya miezi hiyo, barua ya ajira na barua ya uhamisho, uzipeleke kwa ofisa utumishi wako kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Ikibidi ufike ofisi ya Mfuko, utakwenda na kitu mkononi. Maelezo ya mdomo husahaulika hata na msikilizaji mwema.

Lipo jambo moja ninalolisema kwa msisitizo. Neno la siri ni lako peke yako. Najua wengi wetu huwapa simu watoto au vijana wa vibanda vya kupiga chapa ili watufungulie. Kijana akusaidie kusoma, lakini neno la siri uliandike wewe mwenyewe, na usimwachie kwenye karatasi. Aidha, Mfuko umekuwa ukitahadharisha juu ya matapeli wanaowapigia simu wastaafu na wanaokaribia kustaafu, wakijifanya watumishi wake na kutaka watumiwe fedha ili mafao yaharakishwe. Hakuna malipo ya kuharakisha. Atakayekupigia akitaka fedha, kata simu na utoe taarifa.

Wale ambao simu zao si za aina ya kuingia mtandaoni, waitumie kompyuta ya ofisi, wamwombe ofisa utumishi awapangie muda. Wakuu wa idara nawaomba wasilione jambo hili kuwa ni kupoteza saa za kazi.

Wenye masuala nawaomba wabaki ukumbini. Waliokuja na hati zao za mishahara tutaanza nao sasa hivi.