Msikilizaji Asiye na Majirani



Katika kituo kimoja cha kununulia majani ya chai, wachumaji walipokuwa wameketi juu ya magunia yao wakilingojea lori lililochelewa, kijana mmoja alimwonyesha mwenziwe simu yenye kioo kilichopasuka, ambamo alikuwa ameiandikia programu ya mazungumzo, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, kwamba tangu alipoingia katika madeni hapati usingizi. Nayo programu ikamjibu kwa upole mwingi, ikamtaka apumue polepole na aandike yanayomfadhaisha moja baada ya jingine. Mzee aliyekuwa akisikiliza pembeni akasema, "Kijana wangu, mashine imetunyang'anya majani, sasa itunyang'anye na machozi?" Watu wakacheka, na mimi nikiwa miongoni mwao.

Mzee yule hakusema upuuzi. Katika nchi hii ya chai watu hawakuanza jana kuitilia shaka mashine: mnamo Mei 2023 mashine kadhaa za kuchumia chai ziliteketezwa kwa moto Kericho, katika ghasia zilizozuka kwa ajili ya ajira za wachumaji, maana mashine moja hufanya kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo ina vinywa vya kulisha. Walakini ripoti ya kimataifa ya mwaka 2025 iliitaja Kenya kuwa ya kwanza ulimwenguni kwa matumizi ya ChatGPT, mojawapo ya programu hizo za mazungumzo, zaidi ya watu 40 katika kila 100 wanaotumia intaneti wakiwa wameigusa. Ikadhihirika kwamba chombo tunachokilaani mchana hadharani, wengi wetu tunakifungua usiku tukiwa chini ya blanketi.

Kwa nini? Wapo wasemao kwamba vijana wamepotoka, wamewaacha wazazi na wachungaji wakamwendea asiye na roho. Mimi naona sababu ni nyingine, nayo ni faragha. Mtu aishiye katika nyumba za laini za mashamba ya chai, ambako ukuta mmoja unagawanya jamaa mbili na bomba moja la maji linakusanya wanawake wote kila alfajiri, akimwambia jirani yake asubuhi kwamba moyo umemlemea, adhuhuri habari imekwisha kufika kanisani, na magharibi imerudi kwake ikiwa na nyongeza ya uchawi na laana ya ukoo. Tena kilichowafunga watu vinywa hakikuwa aibu peke yake. Kifungu cha 226 cha sheria yetu ya jinai kilimhesabu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, astahiliye kifungo cha hadi miaka 2, au faini, au vyote viwili, mpaka Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua, tarehe 9 Januari 2025, kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Fikirini basi: kwa miaka yote hiyo, aliyenusurika na jambo hilo akamwungamia chifu, alikuwa amejishtaki mwenyewe.

Wala haja hiyo ya sitara si ya vijana wetu peke yao. Mwaka 1966, huko Marekani, mwanachuoni Joseph Weizenbaum alitangaza programu aliyoiita ELIZA, ambayo haikujua lolote isipokuwa kuyageuza maneno ya msemaji na kumrudishia kama swali. Naye akastaajabu katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi kadhaa, alipomwomba atoke chumbani ili azungumze nayo peke yake. Bibi huyo alijua vyema kwamba hakuna mtu mle ndani, na nadhani ndiyo sababu akataka mlango ufungwe.

Lakini faragha hii, insafu hutulazimisha kusema, ni ya kuazima. Yaandikwayo humo huenda kuhifadhiwa katika mitambo ya makampuni ya ng'ambo, na makampuni hayo yenyewe hueleza katika masharti yao, ambayo ni nadra mtu kuyasoma, kwamba baadhi ya mazungumzo huweza kupitiwa na binadamu. Isitoshe, Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba vijana wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa, ndio waliosoma na kupanga maandishi ya ukatili na unajisi ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka, na waliohojiwa walisema kazi hiyo iliwajeruhi nafsi. Upole anaousoma kijana wetu katika kioo kilichopasuka ulilipiwa, kwa sehemu, na usingizi wa Wakenya wenziwe.

Programu hiyo ina ila nyingine: hupenda mno kuafiki. Mzee wa kokwet, baraza letu la kijiji, atakwambia umekosea na uende ukapatane na ndugu yako. Programu aghalabu itakwambia una haki ya kukasirika. Na bibi afikiriye kwa Kipsigis, ambaye majonzi yake hayana Kiswahili, mara nyingi programu haina la maana la kumwambia.

Sisemi ipigwe marufuku. Huko Kiambu watafiti walijaribu programu iitwayo Zuri kwa wajawazito na mama waliojifungua, wakachapisha habari zake mwaka 2020, na jaribio la uangalifu namna hiyo lina heshima yake. Mwaka huo huo kamati ya serikali iliyoongozwa na Dkt. Frank Njenga ilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa; na tangu Septemba 2023 serikali imewatuma wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja waende nyumba kwa nyumba. Ni jambo jema, ila mhamasishaji naye huchota maji katika bomba lile lile, na sijasikia waliowatuma wakieleza mama wa laini atamwaminije.

Kwa anayenisikia usiku huu naye amelemewa: simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, nambari 1199, haitozi senti, na atakayeipokea ni binadamu asiyejua wewe ni mtoto wa nani.