Matundu Mawili, Muziki Mmoja

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yetu ya kila juma, kama yalivyosomwa redioni.)



Juma hili nataka tuzungumze habari ya waya. Najua wapo watakaosema mzee huyu leo kaishiwa na la kusema. Subirini kidogo. Waya ninaousemea mimi nusura umle mpwa wangu mishahara ya miezi minne, na nusura umuunguzie chombo ambacho hata hakuwa amekilipia.

Alikuja nyumbani Jumamosi jioni, amebeba boksi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

Alikuwa ameleta amplifaya ya hedifoni. Kijana huyu hanywi, havuti, wala hana gari. Starehe yake ni muziki. Miaka mitatu nyuma alidunduliza akanunua hedifoni za Sennheiser HD 600, aina iliyotoka Ujerumani mwaka 1997 na ambayo watu wa muziki wanaiheshimu hata leo. Alikuwa akizisikilizia kwenye amplifaya ndogo yenye tundu moja la kawaida, na alikuwa ameridhika. Kisha muuzaji mmoja akamwambia kwamba anasikia nusu tu ya muziki wake. Akamkopesha amplifaya kubwa yenye matundu mawili, moja la kawaida na jingine la balansi, pamoja na waya mpya na kiunganishi cha kubadilisha plagi. Aende nacho, akijaribu, Jumatatu alete fedha au alete chombo.

Tatizo lilikuwa hili: alipochomeka hedifoni zake kwenye tundu la balansi kwa kutumia kile kiunganishi, amplifaya ililia "tak" ikajizima. Muuzaji alipopigiwa simu akasema, "Unaona? Hedifoni zako zinaitia aibu mashine." Kijana akaja kuniuliza, maana anajua kwamba kabla ya kuzungumza redioni nilikuwa mtu wa kuburuta nyaya.

Naam, nimeziburuta. Nyaya za maikrofoni, kutoka jukwaani au uwanjani mpaka kwenye gari la matangazo, mita hamsini na zaidi, zikipita kando ya jenereta na nyaya za taa. Huko ndiko balansi inakofanya kazi yake. Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno. Ukiusafirisha mbali, njiani utadakwa na mngurumo wa kila mtambo wa jirani. Ndiyo maana tunatumia waya mbili zinazobeba ujumbe ule ule kwa kupingana: huyu akipanda, yule anashuka. Mngurumo ukiingia, huziingia zote mbili sawasawa. Mwishoni mtambo hupima tofauti baina ya waya hizo. Ujumbe, kwa kuwa unapingana, unabaki. Mngurumo, kwa kuwa ni sawa pande zote, unajifuta. Ni akili kubwa, na simu za waya zilitegemea akili hiyo hiyo kuvuka nchi nzima.

Sasa tuje kwenye hedifoni. Mfumo wa kawaida, yaani wa upande mmoja, hutumia plagi yenye sehemu tatu: ncha ni ya sikio la kushoto, pete ni ya sikio la kulia, na shina ni njia moja ya kurudia inayotumiwa na masikio yote mawili. Plagi ile nene ya milimita 6.35 ni ya kizamani kweli. Asili yake ni mabodi ya kuunganishia simu ya karne ya 19. Katika mfumo wa balansi kila sikio lina njia zake mbili, jumla nne, na hakuna anayechangia na mwenziwe. Ndiyo maana plagi zake ni nyingine: ile kubwa ya XLR yenye pini nne, ile nyembamba ya milimita 2.5, na ile ya milimita 4.4 iliyowekewa kiwango rasmi huko Japani mwaka 2016.

Muuzaji hutuambia kwamba balansi huondoa mngurumo. Hiyo ni kweli kwa maikrofoni. Kwa hedifoni, waya una urefu wa mita mbili tatu, umeme unaopita ni mkubwa mara nyingi kuliko wa maikrofoni, na mwishoni hakuna mtambo wa kukuza tena chochote kilichodakwa njiani. Kuna kiwambo na koili tu. Kinga ya mngurumo hapo ni sawa na kuvaa koti la mvua ukiwa sebuleni.

Je, ina maana balansi ni uongo mtupu? La hasha. Kuna mambo mawili ya kweli, na lazima tuyape haki yake.

La kwanza ni nguvu. Fikirini msumeno wa kupasulia magogo. Mtu mmoja anaweza kuuvuta peke yake. Wakiwa wawili, huyu anavuta na yule anasukuma, msumeno unakwenda mwendo mrefu zaidi. Amplifaya ya balansi ina watu wawili kwa kila sikio. Kama upande mmoja unatoa volti 2, pande mbili zinazopingana hutoa 4. Na kwa kuwa nguvu hukua kwa mraba wa volti, nguvu huweza kufika mara nne, ambayo ni desibeli 6, mradi amplifaya iwe na mkondo wa kutosha.

Lakini je, unaihitaji nguvu hiyo? Kwa vipimo vya kiwanda, HD 600 ikipewa volti 1 hutoa desibeli 97. Ikipewa volti 2, ni 103. Wakuu wa afya ya kazi wanatuambia kwamba desibeli 85 kwa saa nane kwa siku ndio mpaka, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo unapungua kwa nusu. Kwa hiyo 103 ni ya vilele vya ngoma na tarumbeta, si ya kukaa nayo jioni nzima. Amplifaya ndogo ya kijana wangu ilikuwa inatoa volti hizo bila kutoka jasho. Hali ni tofauti kwa hedifoni nzito kama HE-6 ya HiFiMan. Ili kufika kilele cha desibeli 110, HD 600 yataka kama miliwati 67, ilhali HE-6 yataka karibu 450. Mwenye chombo kama hicho, au mwenye redio ndogo ya mfukoni ambayo tundu lake la kawaida ni dhaifu, akisema anataka balansi, mimi simcheki.

La pili ni ile njia moja ya kurudia. Ikiwa na ukinzani, sauti kidogo ya kushoto huvujia kulia. Tupige hesabu. Ukinzani wa omu 0.1 katika njia hiyo, kwa hedifoni za omu 32, huleta mvujo wa kama desibeli 50 chini ya sauti yenyewe. Kwa hedifoni za omu 300 kama HD 600 mvujo huo uko karibu desibeli 70 chini. Sindano ya santuri, ambayo wapenzi wa muziki huisifu mpaka leo, hutenganisha pande zake kwa desibeli 25 au 30 tu, na hakuna aliyeilalamikia. Mvujo upo, lakini ni tone katika mtungi.

Nikamwambia mpwa wangu, maneno yametosha, tujaribu. Tukachukua amplifaya ile ile kubwa, hedifoni zile zile, na nyaya mbili. Nikamfunga macho kwa khanga ya mama yake. Mara tatu za kwanza sikugusa kitasa cha sauti. Mara zote tatu aliionyesha balansi bila kusita. "Mjomba, hii ina uhai!"

Kisha nikatoa mita ya umeme. Nikapiga sauti moja ya mfululizo, nikapima volti mwisho wa kila waya, nikakuta balansi iko juu karibu mara mbili. Nikaweka alama mbili kwenye kitasa, ili kila tundu litoe volti sawa. Tukarudia mara kumi. Alipatia sita, akakosea nne. Ukirusha shilingi mara kumi, waweza kupata hivyo hivyo. Nakiri hatukuwa maabara. Kubadilisha waya kulichukua kama dakika nzima, na sikio husahau upesi. Lakini ule uhai aliouona mwanzo ulitoweka mara tu sauti zilipolingana. Sikio la binadamu ndivyo lilivyo. Ukipandisha sauti kidogo, haliambii kwamba sauti imepanda. Lakwambia kwamba muziki umekuwa mzuri. Wauza vyombo wanalijua hilo tangu zamani.

Na kile kiunganishi kilichoizima amplifaya? Hapa nawaomba msikilize kwa makini, hata kama mengine yote mtayasahau. Hedifoni zenye plagi ya balansi waweza kuzishusha kwenye tundu la kawaida kwa kiunganishi sahihi, hakuna madhara. Kinyume chake ni hatari. Plagi ya kawaida ina njia moja ya kurudia. Ukiipachika kwenye tundu la balansi, unazifunga pamoja njia mbili ambazo kila moja inasukumwa na amplifaya yake. Ni shoti. Chombo hiki kilikuwa na kinga, kikajizima. Kingine kingetoa moshi, na Jumatatu kijana angelipa deni la chombo kilichokufa. Hedifoni zake hazikuitia mashine aibu. Aibu ni ya aliyemkabidhi kiunganishi kile bila kumwambia neno.

Liko na jambo jingine. Tundu la balansi nje si ushahidi wa balansi ndani. Vipo vyombo vyenye tundu hilo la fahari ilhali ndani mna amplifaya moja tu kwa kila sikio. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Upande mwingine, Stax wa Japani, tangu mwaka 1960, hutengeneza hedifoni ambazo utando wake husukumwa na sahani mbili zinazopingana. Hizo haziwezi kuwa na mfumo mwingine, na hakuna anayehitaji kuuziwa hadithi juu yake. Na mwaka 2011 mhandisi aliyejificha nyuma ya jina la NwAvGuy aliwagawia watu bure mchoro wa amplifaya aliyoiita O2, yenye tundu la kawaida tu, na vipimo vyake vikawa safi kuliko vya vyombo vingi vya bei ya kutisha. Ufundi wa aliyetengeneza ndio wa kutazamwa kabla ya idadi ya pini.

Kwa hiyo mwenye kutaka kununua na aulize kwa utaratibu huu. Hedifoni zangu zataka volti ngapi? Chombo nilicho nacho chazitoa? Kama chazitoa bila kukoroma, funga pochi. Kama hakizitoi, tafuta chenye nguvu, na kikiwa cha balansi, vema, kisipokuwa, vema vile vile. Na ukifanya jaribio, linganisha sauti kwanza, macho yakiwa yamefungwa.

Jumatatu mpwa wangu alirudisha boksi. Muuzaji alinuna, lakini alilipokea. Jioni nilipompitia nilimkuta kakaa na ile amplifaya yake ndogo, kafumba macho bila khanga ya mtu. Ananiambia ipo siku atanunua ya balansi, kwa kuwa anaipenda ile plagi nene. Sikumkataza, fedha ni zake, jasho ni lake. Nilichotaka ni anunue akijua anachonunua.

Kizuri chajiuza, wasikilizaji. Kibaya chajitembeza, na siku hizi hutembea na waya wake mkononi.

Kwaherini mpaka juma lijalo.