Kabla ya Kuongeza Kidonge cha Usingizi

Mazungumzo yetu yanawahusu watumiaji wa dawa za sonona na jamaa wanaowauguza. Sonona huondoa usingizi, na dawa zake huchukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, kabla ya nafuu kuonekana. Katika kipindi hicho mgonjwa anayekesha hushawishika kwenda dukani kuomba kidonge cha kulala. Ombi hilo laweza kumdhuru iwapo muuzaji hajui dawa ambayo mnunuzi anaimeza tayari.

Miongoni mwa dawa za sonona zinazotumika nchini ni amitriptilini na fluoksetini, nazo hazifanani. Amitriptilini yenyewe huleta usingizi, hivyo kwa kawaida humezwa kabla ya kulala. Fluoksetini huweza kuondoa usingizi, hivyo kwa kawaida humezwa asubuhi. Mtu anayeimeza usiku kisha akakesha huenda hahitaji dawa ya pili, bali kubadilishiwa saa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari au mfamasia liwe hili: "Dawa hii niimeze saa ngapi?"

Nanyi mwelezeni ratiba yenu ya kazi. Mvuvi wa dagaa huwa ziwani usiku na hulala mchana. Akiandikiwa amitriptilini "usiku" naye akatii bila kueleza kazi yake, usingizi utamkuta ndani ya mtumbwi. Dereva wa bodaboda na mwendesha mashine wana hatari kama hiyo.

Sasa tutazame vitu vinavyotumiwa kutafutia usingizi.

Diazepamu, ambayo wengi huiita Valium, ni dawa ya cheti cha daktari. Fluoksetini huchelewesha kuondolewa kwake mwilini, hata ulegevu ukaendelea hadi siku ya pili. Ikichanganywa na amitriptilini, usingizi huweza kuwa mzito kupita kiasi. Ikitumika kwa wiki nyingi, mwili huizoea, na kuiacha ghafla huweza kuleta mahangaiko na hata degedege.

Piriton na promethazini ni dawa za mzio ambazo baadhi ya watu huzimeza ili walale. Pamoja na amitriptilini, huzidisha ukavu wa kinywa, choo kigumu na shida ya kukojoa. Mzee huweza kuchanganyikiwa na kuanguka.

Pombe, iwe bia au gongo, isitumike kamwe kama dawa ya usingizi. Ikikutana na dawa hizi, pumzi huweza kupungua hadi uhai ukawa hatarini. Dawa za mitishamba nazo zitajwe kwa daktari, maana asili yake haithibitishi usalama wake.

Mnunuzi ana haki, na haki hiyo huanza na yeye kusema. Nenda famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa, ukiwa na pakiti ya dawa unayotumia. Taja jina lake, kipimo na saa unayoimeza, kisha uliza kama dawa mpya inapatana nayo. Usipokee vidonge vilivyofungwa katika karatasi isiyo na jina la dawa, kipimo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Usiazime dawa ya jirani.

Usiache dawa ya sonona ghafla kwa sababu hujalala. Rudi kwa aliyekuandikia. Zihifadhi dawa mahali panapofungwa, kwani amitriptilini ikizidi kipimo hudhuru moyo na huweza kuua.

Mgonjwa akishindwa kuamka, akipumua polepole, akichanganyikiwa, au akipata homa pamoja na kutetemeka na misuli kukakamaa, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na pakiti zote za dawa. Hapa Mwanza tunazo Sekou Toure na Bugando, lakini kituo kilicho karibu ndicho cha kuanzia. Akizungumzia kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo. Naye apelekwe bila kuchelewa.

Madhara ya dawa yaripotiwe kituoni au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ili wengine wakingwe.